Ada ya athari kwa anayefungua biashara Marekani: mwongozo kamili wa kuihesabu kabla hujasaini fremu

Hii bili huwa haimo kwenye bajeti ya mtu. Amehesabu kodi ya pango, jiko, bango, leseni, mishahara ya miezi ya kwanza, akabakiza na kidogo cha dharura, halafu siku anaenda kaunta ya jiji kuchukua kibali cha ujenzi anaambiwa kuna dola elfu thelathini na kitu za "ada ya athari", na kibali hakitoki mpaka ilipwe. Mkataba wa fremu keshasaini miezi miwili nyuma. Kodi inakimbia.

Nimekaa na watu kwenye hizo kaunta zaidi ya mara moja na kila mara hadithi ni ileile, sio kwamba jiji lilificha, jedwali la ada lipo kwenye tovuti yao siku zote, ila hakuna aliyemwambia alitafute kabla. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa mtiririko ambao ungetakiwa kuufuata wewe, yaani unaanza kabla ya kusaini kitu chochote.

Kwanza tuelewane ni kitu gani

Ada ya athari, wengi tunaiita tu impakti fii, ni malipo ya mara moja ambayo jiji au kaunti inamtoza anayejenga jengo jipya, anayeongeza jengo, au anayebadilisha matumizi ya jengo la zamani. Hela inaenda kujenga miundombinu inayohitajika kwa sababu ya ujio wako: barabara na taa za makutano, mabomba ya maji, mitambo ya majitaka, vituo vya zimamoto, bustani za umma, maktaba. Sio leseni ya biashara, sio kodi ya kila mwaka, na sio ile ada ya kukaguliwa michoro, ingawa zote zinaweza kukukuta kwenye karatasi moja na ndo maana watu wanachanganyikiwa.

Majina nayo yanachanganya. Oregon wanaziita SDC, yaani ada za kuendeleza mifumo. Florida baadhi ya kaunti zinaita mobiliti fii, yaani ada ya usafiri. Kwingine utaona ada ya uwezo wa maji, ada ya kuunganishwa, ada ya miundombinu. Usidanganyike na jina, uliza tu: hii inalipwa mara moja? Inaenda kujenga nini? Inakokotolewa kwa kitu gani?

Zilitoka wapi? Miji ya Florida na California ilikuwa inakua haraka mno miaka ya 70, na waliokwisha kuwepo hawakutaka kupandishiwa kodi ya majengo kwa ajili ya mabomba ya wageni. California ndo kabisa, mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Proposition 13 iliyofunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani, kwa hiyo miji ikabaki inatafuta hela kwingine. Texas ilitunga sheria ya kwanza ya jimbo zima kuhusu hizi ada mwaka 1987, California ikapitisha ya kwake mwaka huohuo, Georgia na Washington zikafuata 1990. Sasa hivi zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria ya namna hii na kila moja ina masharti yake, kwa hiyo aliyefungua mgahawa Atlanta asikupe ushauri wa Phoenix kama vile ni kitu kimoja.

Ila wazo la chini ni moja kote, na ukilishika hilo mengine yote yanaeleweka: jiji halitozi ukubwa wa biashara yako wala mauzo yako, linatoza MZIGO UNAOONGEZEKA. Magari mangapi zaidi, maji mangapi zaidi, majitaka mangapi zaidi kuliko jana. Ndo maana vinyozi wawili wenye mtaji sawa wanaweza kupanga fremu mtaa mmoja, mmoja akalipa sifuri na mwingine akalipa elfu kumi.

Hatua ya 1: jua upo kundi gani

Unajenga kuanzia chini kwenye kiwanja kitupu? Utalipa karibu kila kitu. Unaongeza chumba nyuma ya duka? Unalipa kwa hizo futi za mraba zilizoongezeka. Unaingia fremu ya zamani na unafanya kazi ileile iliyokuwa inafanyika, mfano duka la nguo pale palipokuwa na duka la viatu? Mara nyingi hakuna ada yoyote, mzigo haujabadilika.

Kundi linaloumia ni la nne: unaingia fremu ya zamani lakini unabadilisha matumizi. Duka linageuka mgahawa. Ofisi inageuka kliniki ya meno. Ghala linageuka jimu. Watu hapa wanaamini kwamba kwa vile hawajajenga kitu kipya hawahusiki, kumbe kwa macho ya jiji umebadilisha kila kitu. Huyu ndo nitamuongelea zaidi.

Hatua ya 2: chimba historia ya fremu

Kwenye kundi la nne unalipa TOFAUTI, yaani ada ya matumizi mapya ukitoa ada ya matumizi ya zamani. Ile ya zamani inaitwa mkopo (kwa Kiingereza credit, yaani kiasi unachokatiwa, sio deni), na ndo pesa yako kubwa kuliko zote. Sasa mkopo huo hauji kwa maneno ya mwenye jengo kwamba "hapa palikuwa na mgahawa bwana, kila mtu anajua." Unakuja kwa karatasi.

Nenda idara ya majengo uombe rekodi ya anwani hiyo: cheti cha kukalia jengo cha mwisho, ambacho wenyewe wanaita tu CO, vibali vya zamani, na ukubwa wa mita ya maji iliyopo. Angalia CO imeandika matumizi gani. Nimeshaona fremu iliyopika pizza miaka kibao lakini karatasini ni duka la rejareja, kwa sababu aliyeanza hakuchukua kibali sahihi, na mpangaji mpya ndo akatakiwa kulipa kama vile yeye ndo anabadilisha matumizi. Inauma lakini ndo hivyo.

Uliza pia mkopo unaisha lini. Baadhi ya miji inaufuta kama jengo limekaa tupu miaka kadhaa, au kama lilibomolewa na hakuna aliyejenga ndani ya muda fulani.

Hatua ya 3: tafuta jedwali, tafuta mstari wako

Jedwali la ada kwa kawaida lina mistari ya aina za matumizi na safu za aina ya ada. Ofisi, rejareja, benki yenye dirisha la magari, mgahawa wa kukaa, mgahawa wa haraka, hoteli kwa chumba, ghala. Pembeni kuna kizio: kwa futi za mraba 1,000, kwa chumba, kwa pampu ya mafuta, kwa kiti.

Ada ya barabara inatokana na idadi ya safari za magari, na miji mingi inachukua namba kutoka kwenye kitabu cha taasisi ya wahandisi wa usafiri, ITE, ambao wamehesabu magari milangoni kwa miaka mingi. Uone tofauti ilivyo: ofisi ya kawaida inakadiriwa kuvuta safari kama 11 kwa siku kwa kila futi za mraba 1,000. Mgahawa wa haraka wenye dirisha la kuhudumia magari unazidi 460. Futi zilezile! Kwa hiyo lile dirisha unaloliona kama nyongeza ndogo ya ukutani, kwenye jedwali linaweza kukuhamisha mstari mzima.

Kwa hiyo mstari gani unawekwa ndo vita yenyewe. Duka la kahawa lisilo na dirisha la magari, ni rejareja au ni mgahawa wa haraka? Duka la mikate linalouza asubuhi tu? Karani wa kaunta atachagua kwa kuangalia neno uliloandika kwenye fomu, na ukishaandika "mgahawa" ni kazi kumtoa hapo. Usidanganye, lakini eleza biashara kwa usahihi: viti vingapi, jiko lina nini, masaa gani. Kama fremu iko ndani ya kituo cha maduka, uliza kama jiji linatoza kituo kizima kwa kiwango kimoja, maana baadhi ya miji ndo inafanya hivyo na hapo mgahawa mdogo ndani yake unaweza usiongezewe kitu kwa upande wa barabara.

Angalia pia upo kanda gani. Miji inagawa maeneo ya huduma na bei zinatofautiana, upande huu wa barabara ukawa nusu ya upande ule. Na usisahau taasisi zilizo nje ya jiji: maji yanaweza kuwa ya mamlaka nyingine kabisa, na California wilaya ya shule nayo ina ada yake kwa majengo mapya ya biashara, ambapo Januari 2024 kiwango cha juu cha msingi kiliwekwa senti 84 kwa futi ya mraba, na huangaliwa upya kila miaka 2. Jiji haliwezi kukupa kibali bila karatasi ya shule kwamba umelipa au huhusiki.

Hatua ya 4: piga hesabu mwenyewe

Tuchukue mfano, namba nimezitunga ili uone tu mtiririko. Fremu ya futi za mraba 2,000, ilikuwa duka la viatu, wewe unataka mgahawa wa kukaa.

Barabara: jedwali linasema rejareja dola 6 kwa futi, mgahawa dola 18. Mgahawa wako ni 36,000, duka la viatu lilikuwa 12,000, unalipa tofauti 24,000.

Maji: hapa hawaangalii futi, wanaangalia mita. Mita ndogo kabisa ya inchi 5/8 ndo kizio kimoja, na kwa viwango vya uwezo vinavyotumika sana, mita ya inchi 1 ni vizio 2.5, ya inchi moja na nusu ni 5, ya inchi 2 ni 8. Tuseme kizio ni dola 4,000. Duka la viatu lilikuwa na 5/8, fundi bomba wako amechora inchi moja na nusu. Vizio 5 ni 20,000, toa 4,000 ya zamani, unalipa 16,000.

Jumla 40,000, na majitaka bado hayajaguswa, ambayo kwa mgahawa mara nyingi yanahesabiwa kwa viti au kwa uchafu wa maji yenyewe, maana maji ya jikoni yana mafuta na mtambo unafanya kazi zaidi kuyasafisha kuliko maji ya ofisi. Tangi la kunasa mafuta ni gharama nyingine ya ujenzi na usiichanganye na ada.

Hatua ya 5: punguza kabla ya kulalamika

Rudi kwenye mita. Kwa nini fundi alichora inchi moja na nusu? Mara nyingi amejumlisha vifaa vyote na amekuwekea vyoo vya vali, vile visivyo na tanki vinavyosukuma maji kwa mkupuo mmoja. Hivyo vinahesabiwa mahitaji makubwa ya ghafla kuliko choo cha tanki. Mwambie aweke vya tanki apige hesabu upya. Ikishuka mpaka inchi 1 kwenye mfano wetu, ni vizio 2.5, dola 10,000, toa 4,000, unalipa 6,000 badala ya 16,000. Elfu kumi imeokolewa na vyoo. Ila ahakikishe kweli maji yanatosha, usije ukabana mita halafu saa ya chakula cha mchana mashine ya vyombo inagoma.

Kitu cha pili ni safari za kupitia. Mtu anayesimama kununua kahawa akiwa anaenda kazini hajaongeza gari barabarani, gari lilikuwepo tayari. Jedwali zuri limeshatoa punguzo hilo ndani, uliza kama lako limetoa.

Tatu, miji mingi inaruhusu ulete hesabu yako, yaani unamlipa mhandisi wa trafiki ahesabu magari kwenye biashara zinazofanana na yako halafu jiji linapitia. Inagharimu maelfu, kwa hiyo kwa ada ya elfu tano usijisumbue. Kwa ada ya elfu sitini na biashara isiyofanana na mstari wowote wa jedwali, fikiria.

Nne, kama jiji limekulazimisha kujenga kitu ambacho tayari kipo kwenye mpango wao wa hiyo ada, mfano kupanua barabara mbele ya kiwanja, dai kipunguzwe kwenye ada ya aina hiyohiyo. Na ulizia punguzo za biashara ndogo au za maeneo ya katikati ya mji, zipo sehemu nyingine na hazitangazwi kwa sauti.

Hatua ya 6: barua ya makadirio, kisha mkataba wa pango

Omba kikao cha awali na idara ya mipango miji, nenda na mchoro hata wa mkono, na uombe makadirio ya ada KWA MAANDISHI. Karani akikwambia kwa mdomo "kama elfu nane hivi," hiyo ni stori tu. Soma pia tarehe, kwa sababu makadirio mengi hayamfungi mtu na jedwali linaweza kupanda mwaka wa fedha ukigeuka. Florida sheria inataka tangazo la siku 90 kabla ada mpya au iliyopandishwa haijaanza, kwa hiyo ukiwa macho unawahi kupeleka maombi.

Halafu ndo unaongea na mwenye jengo. Weka kwenye mkataba nani analipa ada ya athari, kwa neno hilo hilo, kwa sababu mikataba mingi ina kile kifungu cha "mpangaji atalipa ada zote za serikali zinazotokana na matumizi yake" na hapo umekwisha. Hoja yako ni kwamba ukilipa, mkopo unabaki kwenye jengo na sio mfukoni mwako, siku ukihama yeye atapangisha kama mgahawa uliokwisha lipiwa. Wengine watakubali kugawana au kukupunguzia kodi miezi kadhaa. Na weka sharti kwamba ada ikizidi kiasi fulani unaruhusiwa kujitoa.

Hatua ya 7: lini unalipa

Kawaida ni wakati wa kibali cha ujenzi, na Florida sheria inakataza kukusanya ada za athari kabla ya kibali kutolewa, ingawa ada za kuunganishwa maji na majitaka hazimo kwenye kinga hiyo. Texas kiwango kinafungwa mapema zaidi, ramani ya viwanja inaposajiliwa, kisha unalipa kwenye kibali, na kule sheria yao ya ada za athari inagusa maji, majitaka, mifereji ya mvua na barabara tu, kwa hiyo ukiona mstari wa kituo cha zimamoto humo uliza maswali.

Uliza kama wanaahirisha mpaka CO au wanaruhusu kulipa kwa awamu. Kuahirisha miezi sita tu kunakuachia hela ya kumalizia jiko.

Hatua ya 8: ukiona umeonewa

Lipa, lakini lipa huku ukipinga kwa maandishi. Ndo njia inayokupa kibali bila kupoteza haki. California unatakiwa kuandika pingamizi wakati wa kuidhinishwa mradi au ndani ya siku 90 tangu utozwe, na kama unaenda mahakamani ni ndani ya siku 180 tangu jiji likupe notisi rasmi. Siku hizo zikipita hamna tena kesi, hata kama hesabu yao ni ya kichekesho.

Kisheria uko na nguvu kuliko unavyodhani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Dolan dhidi ya jiji la Tigard, Oregon, na yule hakuwa bilionea, alikuwa na duka la vifaa vya mabomba akitaka kulikuza kutoka futi za mraba 9,700 hadi 17,600. Jiji likamtaka atoe ardhi kwa ajili ya njia ya maji ya mafuriko na njia ya baiskeli. Mahakama ikasema jiji lazima lionyeshe uwiano kati ya linachodai na athari ya mradi, sio kudai tu. Mwaka 2013, kesi ya Koontz, ikaongeza kwamba kanuni hiyo inahusu na hela, sio ardhi peke yake. Halafu Aprili 2024 ikaja kesi ya Sheetz dhidi ya Kaunti ya El Dorado, California, mtu ametozwa dola 23,420 za barabara kwa nyumba ndogo ya kuletwa imeshatengenezwa. Majaji wote 9 wakakubaliana kwamba ada haikwepi kipimo hicho eti kwa sababu imewekwa na baraza kwa jedwali la watu wote. Hawakusema ada yake ni batili, kesi ilirudishwa California.

Kwa hiyo ukipinga, usiandike "ni ghali sana." Andika kwamba mstari sio wako, au mkopo haujahesabiwa, au ripoti ya utafiti iliyozaa jedwali ni ya zamani na haionyeshi biashara kama yako inaleta mzigo huo. Ripoti hiyo ni ya umma, iombe. California miji inatakiwa kuifanya upya angalau kila miaka 8.

Mwisho kabisa, tunza risiti na ramani ya kanda yako sehemu usiyoisahau. Jiji likikaa na hela bila kuitumia, majimbo mengi yanataka irudishwe: Georgia ni miaka 6, Texas na Washington ni 10. Ila soma nani anarudishiwa, maana sehemu nyingine hela inaenda kwa mwenye kiwanja wa wakati huo na sio aliyelipa, kwa hiyo rudi hatua ya 6 uongeze mstari mmoja kwenye mkataba kwamba ikirudi ni yako.